Shefu Anataka Kuogelea na Viboko

Barua ya ruhusa ya piroge ya Jokébed ilikuwa imekaa miezi mitatu na nusu juu ya meza ya shefu Tshibangu, mkuu wa ofisi moja pale Beni. Haikukosa kitu. Picha mbili zilikuwepo, sahihi ya mkuu wa wavuvi ilikuwepo, kopi ya kitambulisho ilikuwepo. Ilibaki kashe tu, ule muhuri wa bureau, kugonga mara moja, pa! kazi ambayo hata mtoto wa maternelle angeifanya huku anakula biskuti. Lakini kila Jokébed alipopanda kutoka Kyavinyonge, kule ziwani, hadi Beni, shefu alikuwa na mkutano, au anaumwa meno, au ametoka sasa hivi, mama, tazama, hata kiti bado kina moto. Bureau gani, sitasema. Ziko nyingi, na zote zina kiti chenye moto.

Jokébed alikuwa mjane wa miaka arobaini na sita, na piroge ile moja ya mbao, yenye moteri ndogo nyuma, ndiyo iliyokuwa ikiwalisha watu kumi na mmoja. Walikuwa wamejaa katika nyumba yake ya vyumba viwili huko Butembo: mama yake mzazi, wake wa kaka zake wawili, na watoto wote waliokimbia Alimbongo siku vita vilipowafikia, kila mtu na nguo aliyovaa. Yeye mwenyewe alikaa ziwani, akashika samaki, akawatumia. Kisha likatoka agizo: kuanzia tarehe moja ya mwezi, piroge isiyo na barua yenye kashe itafungwa mnyororo. Zilibaki siku tisa.

Siku ya tano kabla ya tarehe hiyo, simu ikalia. Alikuwa shefu mwenyewe.

"Mama Jokébed, siku ya posho niko nakuja na madame. Utatupeleka kwa biboko."

Jokébed hakuona ubaya. Watu wanaendaka kutazama viboko, wanakaa mbali, wanapiga picha, wanarudi kula samaki. Alimwambia mdogo wake Hénock, anayeshika moteri, afue majile ya kuelea na aoshe mbao za kukalia.

Siku ya posho, yaani Jumamosi, saa nne, jeep ikasimama mwaloni. Wakashuka askari wawili kwanza, halafu shefu. Jokébed alimtazama, akatamani kurudi nyumbani kwake na kufunga mlango. Mtu mzima, baba mwenye tumbo lake, mwenye kalamu tatu kifuani kila siku ya kazi, alikuwa amevaa bukta yenye maua. Na juu ya kipaji cha uso alikuwa ameweka ile miwani ya plastiki inayofunika macho na pua, yenye kamurija pembeni ka kuvutia hewa ukiwa umeinamisha uso majini. Nyuma yake alikuja mke wake, Ngalula, mwanamke mrefu wa Kasai, kimya, akishika telefone kubwa kwa mikono miwili.

"Shefu, hiyo ni ya nini?" Jokébed akauliza.

"Ya kuogelea! Mama, hukuona video ya bazungu? Banaingia ndani ya bahari, banaogelea na nyangumi. Nyangumi, mama! Samaki mukubwa kupita jeep yangu! Na anabaangalia tu. Sisi Bakongomani tunakosa nini? Leo mutu wa kwanza kuogelea na biboko mu hii Nord-Kivu, ni miye."

"Shefu, kiboko haiko nyangumi."

"Kiboko anakulaka nini?"

"Majani."

"Voilà! Anakulaka majani! Sasa atanikula miye?"

"Hapana, hatakukula. Atakukata bipande mbili, akuache palepale, aende kulala."

Hénock akacheka. Aliona uso wa shefu, akainama kufunga kamba ambayo ilikuwa imefungwa tayari.

Shefu hakukasirika. Heri angekasirika. Alipiga kofi kwenye mfuko wake wa ngozi aliouning'iniza begani, akasema kwa sauti ya upole, ile ya watu wanaojua wamekushika pabaya:

"Barua yako iko humu, mama. Kashe pia iko humu. Tukirudi muzuri, naigonga hapahapa, mbele ya macho yako. Lakini kama hautaki kunisaidia, mambo ni yako."

Mtu huyu alikuwa ameibeba kashe kutoka Beni, amevuka nayo mabarabara, ili aje aitikise mbele ya pua yake! Miezi mitatu na nusu, kumbe inaingia kwenye mfuko! Jokébed alitaka kumwambia maneno. Maneno aliyokuwa nayo yalitosha kumrudisha kwao Kasai kwa miguu. Badala yake akawaza watu kumi na mmoja na chungu chao. Akapanda piroge.

Sasa, kwa asiyejua maji ya kule, kuna kazi moja ambayo haifanywi kwa mzaha. Ukifika karibu na viboko, kwanza unawahesabu kutoka mbali. Kisha unazima moteri, unashika kasia, unagonga ubavu wa piroge mara tatu: ko, ko, ko. Unangoja. Viboko wakisikia wanainua vichwa kuona nani anakuja, na wewe unawahesabu tena. Ukiwa umehesabu sita kutoka mbali, lazima uone sita. Ukiona watano, usiulize wa sita kaenda wapi. Yuko chini yako. Unarudi polepole kwa njia uliyojia. Sadrack, marehemu mume wa Jokébed, ndiye aliyemfundisha, na msidhani Sadrack aliuawa na kiboko. Malaria ndiyo ilimuua, kitandani kwake. Viboko hawakumgusa hata siku moja, kwa sababu alikuwa akigonga. Jokébed naye alikuwa amegonga miaka kumi na saba.

Walikwenda robo tatu ya saa. Shefu alikataa jile, eti itaficha kifua chake kwenye picha. Ngalula alivaa yake na kuifunga vifungo vyote. Walipoipita pembe ya matete, Jokébed akainua mkono na kuhesabu. Sita. Hénock akazima moteri. Jokébed akachukua kasia: ko, ko, k—

"Arrête!" Shefu akaruka, piroge ikayumba. "Unafanya nini, mama? Unabafukuza! Na mu video itasikilika ko-ko-ko, batu baseme niko kwa seremala!"

"Shefu, bila kugonga hatuendi mbele."

"Kama ni vile, bila kashe pia unarudi."

Alisema hivyo hivyo. Mbele ya mke wake, bila aibu, jasho likimtoka chini ya miwani ile ya plastiki. Na Jokébed, aliyekuwa mwanamke wa kuogopwa mwalo mzima, aliyewahi kumtoa mlevi wa kilo tisini kwenye kibanda chake kwa kumshika sikio, akalilaza kasia juu ya magoti.

Hénock akamtazama dada yake. "Yaya?"

"Enda. Polepole."

Hénock akasukuma kwa mti mrefu, bila sauti. Hatua mia. Hatua themanini. Viboko walilala palepale, migongo juu, masikio yakitingishika kufukuza nzi. Shefu akasimama mbele ya piroge, akapanua kifua, viboko nyuma yake, na Ngalula akapiga picha. Réseau ya simu ya Uganda, ng'ambo ya ziwa, inafika pale vizuri sana. Shefu akanyang'anya telefone, akaandika: Miye na barafiki yangu, leo tunaogelea pamoja! Akatuma kwenye vikundi vyake vyote kabla hajaloweka hata ukucha.

Kisha akaishusha miwani machoni, akauma kamurija, akaingia majini, mkono mmoja umeshika ubao wa piroge.

Maji ya pale ni mazito kama mchuzi wa maharage. Shefu akainamisha uso, matako ya maua yakaelea, akainua uso tena na kutema.

"Sioni kitu! Musukume mbele!"

"Rudi ndani, shefu. Umekwisha kuogelea."

"Mbele kidogo, nimesema!" Akainama tena, masikio ndani ya maji.

Jokébed hakuwa akimtazama tena. Alikuwa akihesabu. Mmoja, wawili, wale wawili wa matete, mkubwa mwenye sikio lililokatika. Watano. Akafumba macho, akafumbua, akahesabu kuanzia upande wa pili. Watano.

"Hénock, ile ya sita iko wapi?"

Hénock aliuacha mti, akarukia moteri. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya jivu.

Jokébed akashika kasia na kugonga, si mara tatu tena, aligonga kama mtu anayevunja mlango wa nyumba inayoungua. Vichwa vitano vikageuka. Cha sita hakikutoka. Ndipo akaona mapovu. Yalikuwa yakija kwa mstari, yamenyooka, kutoka kwenye matete hadi kwao, bila haraka.

"Shefu, toka! Toka majini! Mama shefu, mushike!"

Mtu aliyeziba masikio kwa maji angesikia nini? Ngalula akaitupa telefone, akapiga magoti, akamkamata mumewe shingoni kwa ile mipira ya miwani. Mpira mmoja ukakatika. Jokébed akajilaza juu ya ubao, akamkamata kwa mshipi wa bukta. Wanawake wawili wakavuta. Alikuwa mzito, Mungu anisamehe, mzito wa bia na wa nyama za mbuzi, na tena alikuwa anawapiga mateke akidhani wanamchezea. Wakamvuta kama gunia la makaa, tumbo likikwaruza mbao, akaanguka ndani kifudifudi.

Pale miguu yake ilipokuwa, maji yakapasuka. Kinywa kikatokea, kimefunguka chote, chekundu, meno marefu kama mkono kuanzia kiwiko, na harufu ya majani yaliyooza. Kikafunga juu ya ubavu wa piroge. Ubao wa juu ukakatika. Hénock alikuwa akivuta kamba ya moteri. Mara ya kwanza, haikuwaka. Mara ya pili, haikuwaka. Mara ya tatu ikanguruma na wakatoka pale wakiacha kipande cha ubao na kamurija ka shefu kakielea.

Ngalula alichota maji kwa kidumu kilichokatwa, akimwaga, akichota, machozi yakimtoka bila sauti. Shefu alilala chini amekunja miguu, akiigusa mara kwa mara, mmoja halafu mwingine. Jokébed alikuwa anajichukia. Aliutazama ubao uliokatika, akaona jinsi mifupa ya mtu ingekatika hivyo hivyo, mtu ambaye alikuwa kwenye piroge yake, mikononi mwake.

Mwalo ulipoanza kuonekana, shefu akaketi. Akaomba shati. Akavaa, akafunga vifungo, akapangusa uso. Ilikuwa kama kumwona mtu akijenga ukuta. Alipomaliza, akamsogelea Jokébed na kunong'ona:

"Mama, hii maneno inabakia kati yetu, sivyo? Niliogelea. Nabo biboko balikuwa palepale. Donc niliogelea nabo. Ni kweli, hapana?"

Jokébed akachukua kamba ya kufungia piroge.

Mwaloni palikuwa pamejaa watu. Ile picha ilikuwa imefika mbele yao. Vijana walipiga filimbi, wamama wa samaki walicheka, na katikati yao alisimama pasteri Ananie, anayesimamia vijana wa kanisa anamosali Jokébed kule Butembo. Alikuwa ameshuka juzi kwa ajili ya ibada, na alikuwa ameshika telefone akionyesha kila mtu.

"Mama Jokébed! Mungu ni mwema! Batoto bananipigia simu tangu picha ifike, simu inakaribia kukosa nguvu. Banataka Pasaka tukuje kwako. Nimeshafanya liste, bako makumi ine na mbili. Bengine habajui kuogelea, lakini kama shefu na tumbo yake ameweza, sivyo?"

Watu wakacheka. Shefu akacheka kuliko wote, akapiga pasteri bega. Akaenda hadi kwenye jeep, akafungua mfuko wa ngozi, akalaza barua ya Jokébed juu ya boneti, akafungua kisanduku cha wino, akabonyeza kashe ndani yake. Kisha akaishika juu ya barua, hapo juu, hewani, na kugeuka.

"Mama, baambie batu. Safari iliendaka muzuri?"

Kashe ilikuwa hewani, na wino mpya juu yake. Jokébed aliiona kama unavyoona sahani ya chakula ukiwa na njaa. Neno moja tu. Ndiyo, iliendaka muzuri. Kesho angeenda ziwani, keshokutwa angetuma samaki, mama yake angekula. Nani angekufa kwa neno moja? Akamtazama pasteri Ananie, mwenye uso wa furaha. Akawaona wale arobaini na wawili wakiimba ndani ya piroge tano, hakuna anayegonga kwa sababu kwenye picha ya shefu hakuna anayegonga.

"Hapana," akasema.

"Mama?" Shefu akasema, bado anatabasamu.

"Nimesema hapana! Haikuendaka muzuri! Hakuogelea na kiboko, kiboko alikuja kumuua! Muangalie piroge yangu! Muone ule ubao! Ile ni meno, batu ya Mungu, haiko jiwe! Tulimuvuta sawa gunia, mimi na bibi yake, pale miguu yake ilikuwa pakatoka kinywa. Pasteri, pasua ile liste! Ukileta batoto hapa, utabarudisha ndani ya masanduku!"

Kicheko kilikuwa kimekufa. Jokébed hakuweza kunyamaza tena, na jambo lililobaki ndilo lililokuwa likimchoma zaidi.

"Na mimi musinisifu! Miaka kumi na saba nagongaka, hata siku moja sikuacha. Leo huyu aliniambia hapana kugonga, na mimi niliacha. Niliweka kasia kwa magoti! Sababu ya ile karatasi! Angekufa, ningekuwa nimemuua juu ya karatasi!"

Shefu akaitazama kashe mkononi mwake. Kisha akaifunika, akafunga kisanduku cha wino, akakunja barua mara mbili na kuirudisha mfukoni. Hakupiga kelele. Alisema kwamba piroge iliyovunjika haiwezi kupata ruhusa, usalama wa watu kwanza, na kwamba mama huyu amemtukana mtumishi wa État. Akawapa askari ishara kwa kidevu. Mnyororo ulikuwa ndani ya jeep tayari; wakaifunga piroge.

Ngalula alipita mbele ya Jokébed kwenda kwenye gari. Akasimama, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili, akauinamia. "Aksanti, mama," akasema, na mumewe akamwita kwa honi.

Hénock alingoja hadi vumbi la jeep litulie. Ndipo akalipuka.

"Yaya, wewe! Neno moja! Ungesema ndiyo, anagonga kashe, anaenda. Halafu ungemuambia pasteri kwa siri!"

"Na bale bengine? Ile picha imefika wapi? Kwa siri nitaambia batu bangapi, Hénock? Wewe unabajua bote?"

"Na mama? Mama atakula nini?"

Jokébed alimwambia anyamaze, kwa sauti mbaya ambayo hajawahi kumtolea, akaenda kukaa nyuma ya kibanda hadi kesho yake.

Siku ya Mungu, Jumapili, baada ya ibada akachukua motari, mwenye pikipiki ya abiria, ampandishe Butembo. Kitu kama hicho huwezi kumwambia mama yako kwa simu, lazima umtazame. Njia nzima ya kupanda milima alikuwa akipanga maneno na kuyapangua, akimtukana shefu Tshibangu kimoyomoyo, kisha akijitukana yeye, kisha anarudi kwa shefu.

Simu ikalia. Akampiga motari mgongoni asimame.

"Allô, ni mama Jokébed wa piroge?" Ilikuwa sauti ya msichana, changa, yenye kicheko. "Mimi ni Léa, niko Beni. Niliona namba yako kwa picha, iko ndani ya piroge, kwa ubao wa mbele. Tunataka kukuja na fiancé wangu kuogelea na biboko. Tunaweza kukuja siku gani?"

Jokébed akafumba macho. Namba ile aliiandika mwenyewe, nje na ndani ya piroge, kwa rangi nyeupe, tarakimu kubwa, ili wateja wa samaki wamwone kutoka mbali. Akamweleza msichana. Alimweleza yote, kinywa, ubao, miguu ya shefu, hadi kicheko kikaisha upande wa pili na msichana akasema, "Yesu! Basi."

Hawakuwa wamekwenda hata kilomita mbili. Simu ikalia tena. Mwanamume, wa Kamango, wanakuja watu tisa.

"Hapana kukuja," Jokébed akasema. Akaeleza tena.

"Mama, kama wewe unaogopa, tupatie namba ya mwengine mwenye piroge. Siye tunalipa."

"Namba ya mwengine! Unataka nikupatie namba ya kaburi? Mupumbafu wewe, una mama? Kamuulize mama yako kama anataka kukuzika!" Alipiga kelele hadi mbuzi waliokuwa kando ya barabara wakakimbia. Yule mtu akakata.

Motari alikuwa ametazama juu. Mawingu yalikuwa yameshuka kwenye mlima wa mbele. "Mama, zima ile telefone, tuende. Mvua itatukamata hapa."

"Nikizima, nani atabaambia?"

Motari akawasha pikipiki. Jokébed akapanda, akashika telefone mkononi badala ya kuitia kwenye mfuko, na kabla hawajafika kona ikalia. Namba hakuijua. Akampiga motari mgongoni, pikipiki ikasimama.

"Hapana kukuja," akasema, hata kabla ya kusalimia.